Ukoo wa Bibi Kigoma, kikundi chetu cha simu: siku Goma, mji wa Kongo mpakani na Rwanda, ulipoanguka

*Jumatatu, Januari 27, 2025*

*Mimi:* Da Zawadi, umeamka? Waasi wa M23 wametangaza usiku kwamba wameshaingia Goma. Tupe neno lolote.

*Da Zawadi Goma:* Hatujalala hata. Tuko wazima. Masasi (risasi) inalia tangu usiku upande wa uwanja wa ndege, na sasa inasikika na upande wa mpaka. Batoto nimewalaza kwenye korido, katikati ya kuta mbili. Maji hakuna, kuran (umeme) hakuna. Simu nachajia kwenye betri ya pikipiki ya Baba Watoto, kwa hiyo nitaandika kidogo kidogo, msikasirike.

*Mama Mkubwa:* Alhamdulillah. Usiende dirishani mwanangu. Na kijana wangu aliye jeshini huko je? Kuna aliyesikia? Simu yake haipatikani tangu Ijumaa.

*Mjomba Afande:* Dada, simu kutopatikana wakati huu si habari mbaya. Mkiwa kwenye mapigano simu hazishikwi. Nimeongea na mwenzangu wa zamani, anafuatilia. Ila jambo moja kwa wote humu: asiandike mtu kijana yuko kambi gani wala wako wangapi. Hata hapa. Ujumbe ukitoka kwenye kikundi hiki hamjui unafika wapi.

*Rama Dar:* Sawa Mjomba. Lakini oneni hii, uwanja wa ndege wa Goma unawaka 👇
[video imetumwa mara nyingi]

*Da Zawadi Goma:* Rama, hiyo si Goma. Angalia chini. Ardhi ni nyekundu. Sisi huku tunakanyaga mawe meusi ya volkano, hata kuta za nyumba tunajengea hayo. Futa tafadhali. Mama mkwe ameiona, presha imepanda.

*Rama Dar:* Nimefuta. Samahani dada.

*Rama Dar:* Ila Mjomba niulize. Minova ilichukuliwa tarehe 21, Sake ikafuata, gavana mwenyewe wa Kivu Kaskazini, Jenerali Cirimwami, akapigwa risasi mstari wa mbele akafa. Vijana wetu walio kwenye jeshi la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wapo pale pale. Kwa nini hawakushambulia mapema? 2013 mlipiga mkamaliza kazi!

*Mjomba Afande:* Nakujibu kwa kirefu, maana swali lako wanaliuliza wengi.

2013 nilikuwepo. Azimio 2098 la Baraza la Usalama lilituruhusu kushambulia, si kukaa kwenye mahandaki. Tulikuwa brigedi ya watu 3,069 kwa karatasi, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali Mwakibolwa. Tulipigania vilima vya Antena Tatu, juu ya Munigi. Agosti 28 tulimpoteza Meja Khatibu Mshindo pale. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba naogopa vita.

Lakini hatukushinda peke yetu. Mbele yetu walikuwa Wakongo wenyewe, chini ya Kanali Mamadou Ndala, na wananchi wanambeba mabegani. Juu yetu kulikuwa na helikopta za Umoja wa Mataifa, na mwishoni Rooivalk za Afrika Kusini. Na nyuma ya yote, wafadhili walikuwa wamezuia misaada ya Rwanda kwa kuwaunga mkono M23. Novemba 5 M23 wakatangaza kuweka silaha chini.

Sasa hesabu ya leo. Hawa vijana hawana ndege zao za kushambulia. Chakula, risasi na majeruhi vyote vinategemea uwanja mmoja na barabara moja. Adui ameshika vilima. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka jana kwamba askari wa Rwanda 3,000 hadi 4,000 wako ndani pamoja na M23. Kamanda akiamuru mizinga ifyatuliwe kutoka kambini, jibu linaanguka wapi? Kwa Zawadi. Kambi ziko ubavuni mwa nyumba za watu.

Kujizuia kwa askari mwenye bunduki mkononi ni kazi ngumu kuliko kufyatua.

*Da Zawadi Goma:* Shikamoo Mjomba. Nakuheshimu sana, lakini neno hilo linanichoma.

*Da Zawadi Goma:* Novemba 2012 M23 walipoingia hapa, MONUSCO, askari wa Umoja wa Mataifa, walijizuia. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Niliwaona wamekaa ndani ya vifaru vyao vyeupe, wale wanapita na bunduki begani. Baadaye likaja jeshi la Afrika Mashariki, nalo likajizuia mwaka mzima mpaka likafukuzwa. Kila anayekuja anajizuia. Anayetupiga hajizuii.

*Binamu Asha Nairobi:* Da Zawadi pole sana. Kwa lile jeshi la Afrika Mashariki niseme kidogo, kwa sababu Wakenya walikuwa mbele. Lilikuja kusimamia usitishaji wa mapigano na kupokea maeneo ambayo M23 wangeondoka. Kinshasa ilitaka lipigane. Waliolituma hawakukubaliana hata kazi yake ni ipi. Kamanda wake, Jenerali Nyagah, aliondoka Aprili 2023, akisema usalama wake uko hatarini. Hapo haikuwa kujizuia. Ilikuwa watu wazima kutokuelewana halafu kutuma vijana.

*Mjomba Afande:* Asha umesema kweli. Na Zawadi umesema kweli. 2012 ilikuwa aibu, na brigedi yetu ilizaliwa kutokana na aibu ile. Silitetei jeshi linaloangalia raia anauawa. Ninachosema ni kwamba usimlaumu askari wa cheo cha chini kwa kutofyatua kitu ambacho hakupewa.

*Rama Dar:* Basi apewe! Tupeleke jeshi kamili. 1978 Amin alipoingia Kagera hatukuuliza azimio la mtu. Aprili 1979 tukawa Kampala.

*Mjomba Afande:* Amin aliingia kwetu Rama. Alichoma vijiji vyetu, akatangaza ardhi yetu ni yake. Na hata hivyo, muulize mama yako foleni ya sukari ya miaka ya themanini ilikuwaje. Vita ile tuliilipia muda mrefu baada ya bunduki kunyamaza. Leo unataka tuingie vita na Rwanda, nchi tunayopakana nayo, ambayo mizigo yake inapita bandari yetu, kwa ujumbe wa simu?

*Shemeji Gisenyi:* Habari za asubuhi wazee wangu. Nimesoma yote. Nilikuwa nimenyamaza kwa sababu najua mimi niko upande gani wa mpaka, upande wa Rwanda.

*Shemeji Gisenyi:* Tangu asubuhi mabomu yanaanguka na huku kwetu. Nyumba ya tatu kutoka hapa imepigwa. Kuna waliokufa. Watoto wangu nao wako chini ya kitanda, na Zawadi yuko mwendo wa dakika ishirini kutoka hapa. Rama, jeshi kamili likija litapita juu ya wote wawili.

*Rama Dar:* Shemeji pole. Sikujua.

*Mama Mkubwa:* Ya Rabi. Ondokeni hapo na watoto.

*Shemeji Gisenyi:* Tunaelekea kwa wazazi ndani ndani. Zawadi, mkiweza kuvuka, nyumba ni yenu, funguo iko kwa mlinzi.

*Da Zawadi Goma:* Asante shemeji. Hatuwezi kutoka. Betri inaisha. Mniombee.

*Jumanne, Januari 28*

*Da Zawadi Goma:* Tupo. Wanasema uwanja wa ndege umechukuliwa. Jirani alijaribu kwenda Birere kutafuta unga akarudi, anasema kuna maiti njiani, za wenye sare na za raia. Gereza la Munzenze limevunjwa jana. Sitaandika niliyosikia kuhusu wanawake waliokuwemo mule. Batoto wangu wanasoma simu hii.

*Da Zawadi Goma:* Mtoto wa jirani ana sasi kwenye mguu. Wamempeleka hospitali ya Ndosho kwa chukudu (kigari cha mbao), wanamsukuma kama gunia la makaa. Huko majeruhi wamelala mpaka sakafuni.

*Mimi:* Dada, walikuwa wanafyatua nani na nani mtaani kwenu?

*Da Zawadi Goma:* Ndiyo nataka Mjomba asikie. Jana askari wa serikali na wanamgambo wenzao wa Wazalendo walisimama nyuma ya ukuta wa kanisa, wakafyatua kuelekea mlimani, wakakimbia. Dakika tano baadaye kombora likaanguka pale pale. Wao hawapo. Sisi tupo. Nikasema Mungu wangu, anayenilinda na anayenishambulia wote wananiua. Kwa hiyo Mjomba, nakukubalia nusu.

*Mjomba Afande:* Nusu hiyo naipokea mwanangu. Askari hafyatui akiwa amejificha nyuma ya raia, awe wa upande gani. Tulifundishwa hilo tangu depo.

*Binamu Asha Nairobi:* Kinshasa leo wameshambulia balozi. Ya Rwanda, Ufaransa, Ubelgiji, Marekani, Uganda, hata yetu ya Kenya. Hasira imekosa pa kwenda.

*Alhamisi, Januari 30*

*Mimi:* Jana Rais Ruto aliitisha kikao cha Afrika Mashariki kwa video, Rais Tshisekedi hakuingia. Wametaka Kinshasa izungumze moja kwa moja na M23. Na Rais Kagame na Rais Ramaphosa wanajibizana hadharani.

*Mama Mkubwa:* Wakubwa wanajibizana, mtoto wangu yuko katikati. Siku ya saba leo. Nimeacha kula mchana, nangoja simu.

*Mjomba Afande:* Dada, nakuja kwako jioni. Usifungue mitandao.

*Jumapili, Februari 2*

*Mimi:* Taarifa ya jeshi letu, JWTZ, imetoka. Askari wetu wawili wamefariki kwenye mashambulizi ya Januari 24 na 28. Wengine wamejeruhiwa.

*Mjomba Afande:* Niko na Mama Mkubwa hapa. Nimethibitisha kabla sijamsomea. Si wetu.

*Mama Mkubwa:* Nimeshukuru, halafu nikaona haya kushukuru. Kuna mama mwingine amesomewa kama mimi nilivyosomewa, lake likawa ndiyo. Tuwasomee dua.

*Shemeji Gisenyi:* Mungu awapokee. Nasi huku tumezika.

*Rama Dar:* Nilikuwa naandika mambo ya Kampala. Nimekaa chini. Mama Mkubwa nisamehe.

*Mama Mkubwa:* Hujanikosea baba. Una uchungu.

*Alhamisi, Februari 6*

*Mama Mkubwa:* AMEPIGA

*Mama Mkubwa:* Amepiga kwa simu ya mtu! Dakika moja tu. Mzima. Amesema wako kambini, hawatoki, wanakula mara moja. Sauti imekauka. Ameniuliza kama mvua imenyesha Kigoma.

*Da Zawadi Goma:* Ayiii Mama Mkubwa 😭 nimepiga kelele mpaka mama mkwe ameamka.

*Mjomba Afande:* Alhamdulillah. Mengine yote aliyosema dada usiyaandike.

*Rama Dar:* Mungu mkubwa. Mjomba, kwa upole sasa. M23 walitangaza wenyewe kusitisha mapigano kuanzia tarehe 4, kwa sababu za kibinadamu. Tarehe 5 wamechukua Nyabibwe, njia ya Bukavu. Ndiyo kujizuia gani huko?

*Mjomba Afande:* Hapo umenishika, na sitakuzungusha. Usitishaji hausomwi kwenye tangazo, unasomwa kwenye ramani. Nyabibwe imechukuliwa, basi hawajasitisha. Na kule Kivu Kusini MONUSCO walishaondoka Juni mwaka jana, hakuna hata wa kuandika nani kafyatua kwanza. Mwenye nguvu asipopata gharama hajizuii. Gharama hiyo mimi naona iwe ya fedha, madini na misaada kwanza, kama 2012, kabla ya kuomba watoto wengine wapelekwe.

*Rama Dar:* Na kama gharama hiyo haiji? Malawi jana wameagiza askari wao wajiandae kuondoka. Na sisi?

*Mama Mkubwa:* Warudi. Mimi nasema warudi. Huwezi kumlinda mtu ukiwa umezingirwa wewe mwenyewe.

*Da Zawadi Goma:* Mama Mkubwa, arudi. Nakwambia kwa moyo mweupe, arudi umwone. Lakini akirudi, sisi tunabaki na nani?

*Mjomba Afande:* Zawadi, sina jibu la hilo. Nimelitafuta tangu asubuhi.

*Jumamosi, Februari 8*

*Rama Dar:* Hapa Dar barabara za kwenda Ikulu zimefungwa, misafara tu. Kagame amekuja mwenyewe, Tshisekedi yuko kwa video. SADC na Afrika Mashariki wamekaa meza moja.

*Mimi:* Tamko limetoka. Kusitisha mapigano mara moja bila masharti. Wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano. Michakato ya amani ya Luanda na Nairobi iunganishwe iwe mmoja. Njia za misaada zifunguliwe, na uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe.

*Mjomba Afande:* Siku tano kwa wakuu wa majeshi ni jambo la maana. Ndio wenye ramani. Natazama Nyabibwe na njia ya Kavumu, kwenye uwanja wa ndege wa Bukavu. Wakisimama hapo, nitaamini.

*Da Zawadi Goma:* Uwanja unafunguliwa lini? Wameandika tarehe?

*Mimi:* Hawajaandika dada.

*Da Zawadi Goma:* Sawa. Dawa za presha za mama mkwe zimebaki nne. Shemeji, umesharudi Gisenyi? Kuna jirani atavuka kesho asubuhi, amevaa kitenge cha bluu.

*Shemeji Gisenyi:* Nimerudi jana. Nipigie picha boksi la dawa, nione milligramu ngapi. Famasi ya hapa inafungua saa mbili, nitakuwa mlangoni.

*Da Zawadi Goma:* [picha]

*Shemeji Gisenyi:* Nimeona. Nachukua za miezi miwili.