Henry Kaiser hakuwa mhandisi: nini kilimfanya kiongozi wa wajenzi wa mabwawa makubwa?

Mkandarasi wa Uyole (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Mbeya. Mimi ni mkandarasi wa daraja la saba, na kazi zangu nyingi ni makalavati, mifereji na matengenezo ya barabara za vijijini katika halmashauri za Mbeya na Rungwe.

Nimekuwa nikisoma habari za maisha ya Henry J. Kaiser, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1882 katika jimbo la New York. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 13, akafanya kazi dukani, akawa mpiga picha, kisha mwaka 1906 akahamia Spokane, magharibi ya nchi hiyo, ambako alijiingiza katika biashara ya vifaa vya ujenzi. Mwaka 1914 alianzisha kampuni yake ya barabara mjini Vancouver, Kanada. Kutoka hapo alifika hadi kuwa miongoni mwa waliojenga mabwawa ya Hoover, Bonneville na Grand Coulee, na wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanja vyake vya meli vilitoa mamia ya meli za mizigo, ilhali kabla ya hapo hakuwa mjenzi wa meli.

Ninachotaka kukielewa ni hiki: mtu ambaye hakusomea uhandisi aliwezaje kuaminiwa kazi ambazo hata wahandisi wenye majina walikuwa wakiziogopa? Je, ni mtaji, ni kufahamiana na wakubwa, ni mashine, au ni ubia na wenzake? Nauliza kwa sababu wakandarasi wawili ninaowaheshimu, mmoja wa Mbalizi na mwingine wa Tukuyu, wananishawishi tuombe zabuni moja kwa ubia, kazi ambayo hakuna kati yetu anayeiweza peke yake. Hesabu zinanikubalia, lakini moyo unasita, kwa kuwa nimeona ubia wa wenzangu ukivunjika hata kabla ya hati ya kwanza ya malipo kusainiwa. Naomba wenye ujuzi wanisaidie.

Mzee wa Gangilonga (Iringa)

Kijana wangu, swali lako ni zuri, nami nitalijibu kama mtu aliyefanya kazi za barabara katika Nyanda za Juu Kusini hadi kustaafu. Katika yote uliyoyataja, jibu langu ni ubia, tena ubia ulioandikwa vizuri. Hayo mengine yalikuwepo, lakini yalifuata nyuma yake.

Anza na Cuba. Mwaka 1927 Kaiser alipata kazi ya barabara katika jimbo la Camagüey, yenye thamani ya mamilioni ya dola, kubwa kuliko zote alizowahi kuzishika. Wengi wanaosimulia habari hiyo huishia hapo. Kaiser aliingia katika kazi hiyo kama mkandarasi mdogo chini ya Warren Brothers wa Boston, kampuni iliyokuwa na jina na uwezo wa kifedha ambao yeye hakuwa nao. Alikubali kuwa chini ya mwingine ili apate kazi ya ukubwa ule, akaimaliza, na kutokana na kazi hiyo akapata wabia ambao miaka minne baadaye walisimama pamoja naye kwenye Bwawa la Hoover.

Sasa uitazame Hoover yenyewe, maana hapo ndipo penye somo lako. Mwaka 1931 serikali ya Marekani ilitaka mjenzi mmoja atakayetoa dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya fedha kwamba kazi itamalizika, ya dola milioni 5, na uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka. Hakuna kampuni ya magharibi iliyoweza kuibeba dhamana hiyo peke yake. Ndipo zikaungana na kuunda Six Companies, na kila mmoja akaweka fedha kwa kadiri ya uwezo wake: Utah Construction dola milioni 1, MacDonald & Kahn milioni 1, Morrison-Knudsen nusu milioni, J. F. Shea nusu milioni, Pacific Bridge nusu milioni, na Bechtel na Kaiser, wakiwa pamoja na wale Warren Brothers, milioni moja na nusu. Jumlisha mwenyewe uone kwamba ni milioni 5 kamili. Hisa zilijulikana tangu siku ya kwanza, na faida na hasara zingegawanywa kwa hisa hizo, si kwa kelele za mezani. Zabuni yao ilikuwa karibu dola milioni 49, chini ya aliyewafuata kwa takriban dola milioni 5.

Jambo la pili, ambalo wakandarasi wetu hulipuuza, ni mgawanyo wa mamlaka. Wakubwa wote wa Six Companies walikuwa watu waliozoea kuamuru, na wangeligeuza eneo la ujenzi kuwa uwanja wa ugomvi. Wakamweka msimamizi mmoja, Frank Crowe, mjenzi wa mabwawa kwa taaluma na uzoefu, naye akawa na neno la mwisho bondeni. Wenyewe walibaki na kamati ndogo: Charles Shea alifuatilia ujenzi, Felix Kahn alishika fedha na makazi, Stephen Bechtel ununuzi, na Kaiser akawa mtu wa Washington, anayehakikisha kwamba bunge halichelewi kutoa fedha. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa katika bwawa lile, na kwa maoni yangu haikuwa kazi ndogo hata kidogo, kwa kuwa mradi unaweza kusimama kwa kukosa hati ya malipo kwa urahisi uleule unaosimama kwa kukosa saruji. Bwawa lilikabidhiwa mwaka 1936, zaidi ya miaka miwili kabla ya muda wa mkataba. Na ujue kwamba W. H. Wattis, mwenyekiti wa kwanza, alifariki mwaka uleule wa 1931, na W. A. Bechtel aliyemfuata akafariki mwaka 1933, lakini ubia haukutikisika, kwa sababu ulisimama juu ya maandishi wala haukutegemea urafiki wa mtu.

Kwa hiyo nakushauri usiuogope ubia. Ogopa ubia wa maneno matupu.

Afisa Usalama wa Makambako

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma maelezo yako kwa heshima na sina la kupinga kuhusu hisa na dhamana, ila naona habari ya Bwawa la Hoover haikamiliki bila kuwataja waliolijenga kwa mikono yao.

Kiangazi cha mwaka 1931 vibarua walifanya kazi jangwani katika joto kali mno kabla ya nyumba za Boulder City kukamilika, wengine wakiishi na familia zao katika mahema na vibanda kando ya mto. Watu walikufa kwa joto. Agosti mwaka huo wafanyakazi waligoma baada ya baadhi yao kushushwa ujira, na kampuni ikawaondoa kazini, kisha ikaajiri upya. Vifo vilivyoandikwa rasmi kuwa vya ajali za kazini katika mradi ule ni 96. Ubia uliopangwa vizuri juu unaweza kuwa na ukatili chini, na nayasema haya kwa uchungu kwa sababu kila wiki naona vijana wakishuka kwenye mitaro mirefu isiyo na mbao za kuzuia udongo.

Hata hivyo, haki itendeke kwa Kaiser. Mwaka 1933 daktari kijana, Sidney Garfield, alifungua hospitali ya vitanda 12 jangwani California kwa ajili ya wajenzi wa mfereji mkubwa wa maji kutoka Mto Colorado. Alikaribia kufilisika, hadi ulipowekwa utaratibu wa kampuni ya bima kumlipa mapema senti 5 kwa siku kwa kila mfanyakazi, na mfanyakazi aliyetaka kutibiwa pia magonjwa yasiyotokana na kazi akaongeza senti 5 zake. Kwa kuwa malipo yalikuja kabla ya ugonjwa, daktari alipata faida watu walipobaki wazima, hivyo akaanza kuzunguka kazini akiondoa misumari iliyochomoza na kuwahimiza watu kunywa maji. Mwaka 1938 Edgar Kaiser, mwana wa Henry, alimwita Garfield aanzishe utaratibu huo Grand Coulee, na baadaye familia za wafanyakazi zikaingizwa. Vita ilipokuja mpango ukahamia kwenye viwanja vya meli, na mwaka 1945 ukafunguliwa kwa umma. Hadi leo unaitwa Kaiser Permanente na unawahudumia mamilioni ya Wamarekani. Kaiser mwenyewe alizoea kusimulia kwamba mama yake alifariki kwa kukosa matibabu yeye akiwa kijana, na kwamba hilo halikumtoka moyoni.

Kaka yangu wa Uyole, mkiandika makubaliano ya ubia wenu, wekeni kifungu cha nani anawasajili vibarua katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na nani ananunua kofia, buti na mbao za kuzuia udongo. Nimeona kila mbia akidhani mwenzake ameshughulikia, hadi siku udongo wa masika uliposhuka juu ya mtu.

Mwenye Kokoto wa Mafinga

Naomba niongeze upande wa vifaa, ambao mimi ndio riziki yangu. Mwaka 1938 kundi alilokuwamo Kaiser lilishindwa zabuni ya Bwawa la Shasta huko California. Wengine wangefungasha virago. Yeye aliomba kuuza saruji kwa bwawa lilelile alilonyimwa, akaweka bei ya chini kuliko viwanda vyote vilivyokuwapo, ilhali wakati anaiweka hakuwa na kiwanda. Mwaka 1939 kiwanda kikasimama Permanente, na jina la kijito cha hapo ndilo lililokuja kubebwa na ule mpango wa afya aliousema dada yetu wa Makambako.

Alishinda pia kazi ya kupeleka mchanga na kokoto. Nauli ya reli ilipomwia kubwa, alijenga mkanda wa kusafirishia wenye urefu wa karibu kilomita 15, ukapita juu ya vilima hadi bwawani. Hapo utaona kwamba katika ujenzi fedha nyingi zimo katika kusogeza vitu kutoka hapa hadi pale, na sisi wa nyanda hizi tunaijua vizuri gharama hiyo, tukipandisha mizigo Kitonga au tukiteremsha moramu kwenye miteremko ya Rungwe wakati wa mvua. Aliyeshindwa zabuni ya barabara bado anaweza kuishi kwa barabara hiyo, kama ana machimbo yenye kibali na magari yanayotembea.

Mwalimu wa Njombe

Ningependa tusimwinue kupita kiasi. Kampuni ya magari aliyoianzisha mwaka 1945 pamoja na Joseph Frazer haikufika mbali, na kufikia mwaka 1955 ilikuwa imeacha kutengeneza magari madogo Marekani. Barani kwetu, kampuni yake ya alumini ilikuwa na hisa 90 kwa mia za kiwanda cha VALCO huko Tema, Ghana, kilichotumia sehemu kubwa ya umeme wa Bwawa la Akosombo kwa bei ya chini mno, huku kikiagiza malighafi kutoka nje ingawa Ghana ina boksiti yake, yaani mawe yanayotoa alumini. Rais Nkrumah wa Ghana alilihitaji soko hilo la umeme ili apate mikopo ya kujengea bwawa, nalo likazinduliwa Januari 1966, mwezi mmoja kabla ya yeye kupinduliwa. Mwenye mtaji ndiye aliyeandika masharti. Kwa hiyo muuliza swali asome mkataba akiwa upande wa mnyonge pia.

Mkandarasi wa Uyole (Mbeya)

Nawashukuru sana. Mwalimu, hilo la masharti limenigusa, kwa sababu mwenzangu wa Mbalizi ana greda na shindilia, na anataka nusu ya faida kwa kuwa mashine ni zake, wakati mimi na wa Tukuyu hatuna mashine bali tuna fedha kidogo na mafundi. Mzee, hapo hisa zinapangwaje?

Mzee wa Gangilonga (Iringa)

Usizichanganye mashine na hisa. Greda na shindilia zipangiwe kodi ya kwa siku, kwa bei ya soko la Mbeya, na ubia umlipe mwenyewe kodi hiyo kama ambavyo ungemlipa mtu wa nje, mafuta na dereva yakiandikwa nani anabeba. Kinachobaki baada ya gharama zote ndicho faida, nacho kigawanywe kwa fedha ambayo kila mmoja ameiweka benki kwenye akaunti ya ubia yenye saini za lazima za watu wawili. Mafundi wako nao walipwe ujira wao kutoka akaunti hiyohiyo. Mchagueni msimamizi mmoja wa kazi, na msimamizi huyo asiwe mwenye greda, kwa sababu atashawishika kuongeza siku za greda. Kuhusu dhamana ya zabuni, nendeni ofisi ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi mkaulize masharti ya mfuko wake wa kusaidia makandarasi, ambao huwadhamini wadogo, kabla hamjaenda kuweka hati za nyumba zenu benki. Mkishaandika rasimu, mpelekeeni wakili aisome, kisha uilete hapa bila majina ya wabia wala ya mradi, tuipitie kifungu kwa kifungu.