Nairobi kwa mtu wa magari: kuna kitu zaidi ya foleni?

mpenda_piston (Dar)

Wakuu habari za muda huu. Nimepangiwa kikazi Nairobi mwezi wa saba, kazi yenyewe inaisha Alhamisi ila nimeomba kubaki mpaka Jumapili, sasa naomba mwongozo wa nini nifanye. Mimi si mtu wa mbuga, twiga nawaona Mikumi wakivuka barabara na silipi hata mia, na mall kwangu ni mall tu hata ikiwa na ngazi za umeme kumi. Ugonjwa wangu ni magari. Nyumbani nina Mark II GX100 ambayo mke wangu anaiita mke mwenza, na Jumamosi zangu zinaishia Gerezani kwenye spea hata kama mfukoni sina kitu, naenda tu kushika shika vyuma na kubishana na watu.

Shida ni kwamba Nairobi ninayoijua ni ile ya eapoti kwenda hotelini na kurudi. Foleni, vumbi, malori ya Mombasa Road yanakutemea moshi usoni, maghorofa yameota kila upande halafu jiji haliishi, unadhani umetoka kumbe bado umo. Uzuri wake sijauona, niseme ukweli. Ila kila nikisoma habari za Safari Rally au nikiona video za matatu zao najiuliza, watu wenye wazimu wa magari kiasi hiki watakaaje kwenye jiji lisilo na ladha? Kwa hiyo wenyeji na mliowahi kuishi huko nipelekeni. Sitaki vitu vya kwenye kioo vyenye kibao cha usiguse, nataka kunusa grisi.

kadogo_wa_ronga (Nairobi)

Karibu sana buda. Anza na mat, hizo story za rally utasikia baadaye kwa wazee. Wabongo wengi wakikam huku wanaita teksi ya app, wanafunga dirisha, wanawekewa AC, alafu wanarudi kwao kusema Nairobi ni jam. Wee shuka mpaka steji ya Railways jioni, kwa saa kumi na moja hivi, hapo ndio mat za Rongai, mtaa uko nje kidogo ya town, zinapakia, ruti 125 na 126. Usipande ya kwanza. Mtu wa Ronga hapandi ya kwanza, anangoja nganya, yaani mat yenye imepambwa ikapambika, yenye anataka hata kama mvua inanyesha na nyumbani wanamngoja na unga.

Sasa kama we ni mtu wa magari iangalie kama gari, usiiangalie kama basi. Ukitoa hiyo makeup yote chini kuna Isuzu, mara mingi NQR, yaani hiyo ni chesisi ya lori wajameni. Mwenye mat ananunua chesisi na injini, bodi hakuna, anapeleka kwa mafundi wa bodi hapa hapa Nairobi. Wanachomelea mbavu moja moja na mabomba ya mraba, wanapiga mabati, wanaingiza viti 33, ndio sasa inaenda kwa mtu wa rangi, mtu wa saundi, mtu wa taa, mtu wa skrini, na kila mmoja kati ya hawa ana jina mtaani na ana maadui wake. Pesa inaingia hapo ni mamilioni na mwenye gari anajua kabisa ikishakaa miaka michache kuna ingine mpya itakuja kuizima, hiyo yake iuzwe iende ruti zenye hazina mbwembwe. Ndio maana wanaharakisha kuitengeneza iwe noma ikiwa bado moto.

Alafu kuna wakati walitaka kuua hii kitu. 2004 sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zikaingia, mikanda, spidi gavana ya kuzuia gari isipite 80 kwa saa, mstari wa njano kwa kila mat, grafiti ikaisha karibu yote na town ikakuwa bila rangi. 2014 Uhuru akasema vijana waachwe wachore, wacha sasa! Walirudi na hasira ya miaka kumi. Ukipanda kaa kiti cha katikati, si nyuma kabisa, nyuma kuna spika na mwenye anakaa hapo anashuka akiwa hasikii hata akiitwa jina. Fea uliza kabla mlango ufungwe, jioni inapanda na ikinyesha inapanda tena.

mtanga_wa_southb

Mdogo wangu karibu, mimi ni mtu wa Tanga ila niko huku South B muda sasa, kwa hiyo nakujibu kwa Kiswahili ambacho hutahitaji mkalimani, samahani kadogo 😀

Wewe wa Gerezani nenda Kirinyaga Road. Jina hilo ukiwauliza watu wengi hawalitumii, uliza Grogan, ndilo jina la enzi za mkoloni na limegoma kufa. Huyo Grogan mwenyewe anasifika kwa kutembea kutoka Cape mpaka Cairo, zaidi ya miaka mia iliyopita, leo barabara yake ndiyo watu wanaenda kununua shokapu. Ni pembeni tu ya River Road, unaweza kwenda kwa miguu kutoka katikati ya mji. Maduka ya spea yamebanana mstari mzima, nyuma yake kuna vichochoro, na huko vichochoroni ndiko kwenyewe. Utakuta mtu kazi yake ni taa za nyuma tu, mwingine rejeta tu, mwingine amekaa juu ya mlima wa mikono ya milango, na ukimwambia gari na mwaka anaingiza mkono mle ndani bila kuangalia anakutolea. Gari inanyooshwa bodi barabarani, mwenye chai anapita katikati, mkokoteni unapita, pikipiki inapita, na kila mtu anamlaumu mwenzake kwa kuziba njia.

Sasa nisikilize vizuri. Usiende mikono mitupu, ukienda mikono mitupu wewe ni mtalii na madalali watakuzonga mpaka ukimbie. Chukua kifaa cha gari lako kilichochakaa, bushi au mkono wa wipa, chochote, ukishike mkononi kama sampuli. Hapo unakuwa mteja na wenyewe wataanza kukufundisha. Simu iache mfukoni, picha omba kwanza, watu wengine hawataki na wana sababu zao. Bei ukisikia zidisha kwa 20 hivi upate ya kwetu, halafu shuka nusu ndipo muanze kuongea.

Jambo jingine utakaloliona, Mark II za zamani kama yako utakutana nazo chache kuliko Dar. Huku gari ikizidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza hairuhusiwi kuingia nchini, kwetu unaweza kuileta nzee ukabanwa kwenye ushuru tu. Kwa hiyo barabarani ni Fielder, Demio, Vitz, na Probox. Ile Probox ukiiona inavyobebeshwa miraa na maziwa na watu inaenda kasi kuliko basi utaiheshimu maisha yako yote.

sina_upande (Embakasi)

Mnampamba mgeni bure. Hizo nganya mnazisifu ndizo zinapanda juu ya pevumenti watu wakitembea, zinaovalapu jam zikitokea upande wa magari yanayokuja, na saa nne usiku dirisha langu linatetemeka kwa besi. Muulizeni mtu wa bodaboda anazionaje. Gavana ya 80 iko kwa karatasi. Mimi naishi hapa, sioni chamu yoyote kwa gari inakulazimisha usikize muziki ya mtu mwingine ukienda kuzika. Akitaka kuona magari aende Ngong Road kwa yadi aone Landcruiser safi, apige picha, aende home.

kadogo_wa_ronga

Sina_upande hapo kwa kuovalapu siwezi kukataa, kuna madere wanafaa kuwa ndani. Lakini Landcruiser kwa yadi ataona hata Dar bana. Hakuja Nairobi kuona gari yenye imetoka Japan vile ilikuwa.

fundi_wa_tabo (Kariobangi)

Naongeza mambo mawili ya kiufundi kwa sababu naona hapa ni rangi na muziki tu.

La kwanza, uko juu. Nairobi iko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, wewe unatoka Dar ambako injini inavuta hewa nzito. Kwa kawaida injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza nguvu kama asilimia 1 kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo ile injini ya 1G ya Mark II yako ukiileta huku ingekuwa imepungukiwa karibu moja ya sita ya nguvu zake kabla hujawasha hata AC. Gari ya tabo inajikaza kwa sababu inasukumiwa hewa. Watu hucheka vijana wa Subaru wa Nairobi eti kelele tupu, na kelele ziko, lakini Forester au Impreza ya tabo kwa huu mwinuko ina maana yake, si ushamba peke yake. Ukikodi gari ndogo ukiona imelala kwenye mlima usiite fundi, ni hewa.

La pili, ukitaka kuona vitu vikitengenezwa toka bati tupu njoo Kariobangi Light Industries, au Kamukunji pale karibu na Gikomba. Kamukunji utaisikia kabla hujaiona, ni nyundo juu ya bati kutoka asubuhi, wanatengeneza masanduku, mikokoteni, majiko, mabeseni ya kuku. Si magari, najua, lakini mikono ni ile ile, na fundi wengi wa bodi walianza kwa kugonga bati hivyo. Njoo mchana, vaa viatu vilivyofungwa, mkoba uwe mbele.

mzee_404

Vijana mmeongea yenu, sasa mnipe nafasi. Huyu mgeni ni Mtanzania na hakuna aliyemwambia kuwa Safari Rally ni yake pia.

Mwaka 1953 ilipoanza iliitwa Coronation Safari na ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, haikuwa ya Kenya peke yake. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi kwenu Tanzania, na Peugeot 404. Mara mbili mfululizo! Mimi jina langu hapa nimelitoa kwa gari hiyo. Kabla yake 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika, si mpya, wakaondoka wa kwanza na wakarudi wa kwanza. Joginder akaja kushinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Hawa hawakuwa wazungu wa kiwanda waliotumwa na ndege, walikuwa watu wenye gereji na mafuta kwenye kucha, ndiyo maana kwetu rally haijawahi kuwa mchezo wa mbali. Tulikuwa tunakaa kando ya barabara usiku na redio tukingoja taa.

Ikatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021. Ogier akashinda na Katsuta wa Japani akawa wa pili, na vumbi lilikuwa lile lile. Iliporudi uzinduzi ulifanyika KICC, lile jumba la mikutano katikati ya mji, halafu wakakimbilia Naivasha. Mwezi wa saba hutaikuta, ila barabara ipo. Kodi gari, toka asubuhi sana, shuka ile ya chini ya Mai Mahiu, Bonde la Ufa lote likiwa kushoto kwako. Barabara hiyo ilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa vita vya pili, na pale chini waliacha kanisa dogo sana la mwaka 1942, kando ya lami. Simama hapo, acha malori yapite.

Kama ungeweza kusogeza safari mpaka mwisho wa Septemba ungekuta Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, wameianza tangu 1970, magari ya zamani yanakaguliwa mpaka chini ya chesisi na majaji wenye tochi. Kuna Peugeot 504 za hapo zinang'aa kuliko siku zilipouzwa.

mpenda_piston (Dar)

Aisee. Shikamoo mzee_404, hiyo ya Shankland sikuwa naijua na nimekaa Dar maisha yangu yote. Dada wa Tanga nimeshaweka bushi ya kontrol am kwenye begi, kweli kabisa, ile niliyokuwa nimeisahau kwenye stoo. Fundi asante, sasa najua kwa nini teksi ile ilikuwa inalia mlimani nikamdharau dereva wa watu.

Nina Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Grogan siku gani? Na mzee, Jumapili nikikodi gari naogopa malori ya Mai Mahiu, hakuna barabara nyingine yenye kona na mandhari bila kuwa nyuma ya lori?

mzee_404

Marahaba kijana. Nenda Magadi.

mtanga_wa_southb

Mzee kamaliza. Ijumaa jioni panda nganya ya kadogo mpaka Rongai, siku hiyo ndiyo wanashindana kweli, urudi kabla usiku haujawa mkubwa. Jumamosi asubuhi Grogan, saa tatu hivi wameshafungua na bado hawajachoka na watu. Mchana ukitaka pitia Kamukunji, Jumapili maduka mengi ya spea yamefungwa.

Jumapili alfajiri toka kwa gari, Magadi Road ni hiyo hiyo uliyopita Ijumaa ukiwa kwenye matatu, pita Rongai, jaza mafuta Kiserian kwa sababu mbele pamekauka, beba maji ya kutosha. Ukifika Corner Baridi simama, hapo ndipo bonde linafunguka, baada ya hapo ni kushuka tu mpaka ziwani, na magari ni machache sana. Ng'ombe ndio wengi, na hawana haraka.

fundi_wa_tabo (Kariobangi)

Na Magadi iko chini kama mita 600, kwa hiyo hata ukikodi Vitz itaamka ukishuka. Kurudi ndio utajua hujui, weka gia ya chini, zima AC, angalia kipimo cha joto.