Tupeane uzoefu: albamu za laivu zinazokukuna, na kwa nini rekodi za Mwanza zinatoka kavu

Mtemi wa Igoma: Mwangaluka wadau. Kuna klipu ya bendi inazunguka, imepigwa ukumbi mmoja huku Kirumba. Mwimbaji kama yuko puani kwako, gitaa la solo halipo. Halafu unaweka Live at the Apollo ya James Brown, ya Oktoba 1962, unasikia hadi mayowe ya mama mmoja ukumbini. Tajeni laivu zenu, na mafundi mseme tunakosea wapi.

FundiMitambo: Wamechomeka kinasa kwenye mixa (meza ya kuchanganyia sauti), basi. Solo lina amplifaya yake jukwaani, linasikika lenyewe, kwa hiyo kwenye mixa limebanwa au halijapitishwa kabisa. Dawa: chukua laini ya mixa, ongeza maiki mbili ukumbini, juu ya vichwa vya watu, mbali na spika. Wakati wa kuchanganya, maiki za ukumbini zisogeze ziwahi: kila mita moja ni karibu milisekunde 3. Zikiwa mita 20 kutoka jukwaani, sogeza 58. Ukiacha hivyo, kila pigo la dramu linalia mara mbili.

DadaCapri: Hiyo ya milisekunde isomwe tena.

Nyakato Boy: Mnajisumbua. Simu inatosha.

FundiMitambo: Simu inapandisha na kushusha sauti yenyewe, mkuu. Ngoma ikilia kwaya inazama, ngoma ikinyamaza vikohozi vinapanda. Tafuta programu inayozima hiyo kitu, kilele cha sauti kisipite dB -12. Faili la WAV la biti 24, kHz 48, stereo, saa moja inakula kama GB 1.

Sengerema1: Mimi At Folsom Prison ya Johnny Cash, Januari 13, 1968. Wafungwa wenyewe ndio ala ya ziada.

Mzee wa Santuri: Wafungwa gani? Shangwe ile baada ya mstari wa kumuua mtu Reno, kwenye Folsom Prison Blues, ilibandikwa studio!

Sengerema1: Shikamoo mzee, lakini kuimba aliimba jela. Au Fela Kuti na mpiga dramu Ginger Baker nao, waliopigia studio za Abbey Road, London, mbele ya watazamaji, utasema si laivu?

Mzee wa Santuri: Marahaba. Hiyo ni studio yenye wageni.

DadaCapri: Acheni ugomvi, sikieni The Köln Concert. Januari 24, 1975, mwandaaji binti wa miaka 18, Vera Brandes. Mpiga piano Keith Jarrett anafika, piano iliyoletwa siyo aliyoomba: ndogo, nota za juu zinalia kama kopo, besi hafifu, pedali hazishiki vizuri. Mgongo unamuuma, hajalala, anataka kuondoka. Anabembelezwa. Akipanda anakaa zaidi katikati ya kinanda, mkono wa kushoto anarudia-rudia mapigo ili kuziba besi isiyokuwepo. Zaidi ya saa nzima, anatunga papo hapo. Hapo hakuna cha kubandika, mzee.

Nyakato Boy: Kumbe siri ni kinanda kibovu! Kumbi zetu zimeshatangulia.

Mtemi wa Igoma: 😂😂 Na Bugobogobo, ngoma yetu ya Kisukuma ya majembe, ikipigwa nje pale Bujora?

FundiMitambo: Usibandike maiki kwenye ngoma kubwa, sauti itapasuka. Rudi mita 3, uelekeze katikati ya wachezaji ili majembe yaingie.

Sengerema1: Upepo wa ziwa je? Soksi ya sufu juu ya maiki.

Mzee wa Santuri: Soksi inaua sauti za juu. Manyoya ya maiki, na ukate sauti za chini ya Hz 80.

FundiMitambo: Ukikata 80 ngoma kubwa imebaki wapi, mzee? 40 inatosha.

DadaCapri: Soksi iwe imefuliwa lakini.