Visamaki vyenye mkia mwekundu kwenye dimbwi linalokauka, Mbwemkuru: ni samaki gani?

Jirani_wa_Mbwemkuru
Wakuu, habari za huko. Kijijini kwetu, upande wa Kilwa wa mto Mbwemkuru, kuna dimbwi la udongo mfinyanzi mweusi. Linajaa mvua za Desemba zikishika, ikifika Agosti limekauka mpaka ardhi inapasuka. Halina mfereji wala halifikiwi na mto. Sasa hivi mna visamaki vya sentimita 4 hadi 5. Vingine ni vya buluu, kila gamba lina ukingo mwekundu, na mkia mwekundu mtupu. Vingine ni vya kahawia iliyofifia, vidogo kidogo. Sharubu hazina, kwa hiyo si kambare. Wazee wanasema vimeshuka na mvua. Kuna kikundi cha vijana kinataka kumwaga vifaranga vya perege humo. Ni samaki gani, na vimetokea wapi?

Pezi_la_Nyuma
Mkuu, kwa maelezo hayo ni Nothobranchius, samaki wa madimbwi ya msimu. Ila usimtambue kwa rangi peke yake. Mshike umwangalie ubavuni. Pezi la mgongoni liwe moja tu, tena limekaa nyuma karibu na mkia, na chini yake, upande wa tumbo, kuna pezi jingine linalolingana nalo. Kifaranga cha perege pezi lake ni refu, linaanzia karibu na kichwa, na lina miiba inayochoma kidole. Mkia uwe wa mviringo, usiogawanyika kama wa dagaa. Mdomo uelekee juu.

Wanaong'aa ni madume, waliofifia ni majike. Hapo wengi hukosea, wakadhani ni aina mbili, au kwamba wale wa kahawia ni watoto.

Kamongo naye hustahimili ukame ndani ya matope, lakini ana umbo la mkunga na mapezi membamba kama kamba. Huyo si wa kuchanganywa na hivi.

Tope_Jeusi
Mvua haikuwaleta, imewaangua tu. Jike hutaga yai mojamoja ndani ya tope, kila moja lina upana wa kama milimita 1. Maji yakiisha wazazi wote wanakufa, mayai yanabaki ardhini. Kiinitete, yaani kitoto kilichomo ndani ya yai, husimamisha ukuaji wake, na kinaweza kufanya hivyo katika hatua tatu tofauti, ndiyo maana mayai ya jike mmoja hayaanguliwi yote kwa pamoja. Mvua ikidanganya, dimbwi likajaa kidogo kisha likakauka, walioanguliwa wanapotea lakini akiba ya mayai bado ipo. Wanaopata maji ya kutosha hukua kwa kasi ya ajabu: ndugu yao Nothobranchius furzeri (kwa kifupi N. furzeri), wa Msumbiji na Zimbabwe, amerekodiwa porini akikomaa kwa siku 14 hadi 15. Maabara zinazochunguza uzee humfuga kwa sababu hiyo hiyo, anazaliwa na kuzeeka ndani ya miezi michache.

Ukitaka kuwathibitishia wazee, chukua tope Septemba au Oktoba. Chota sentimita 5 hadi 10 za juu, sehemu tano au sita, jumla kama kilo 2. Chota katikati, penye kina wakati wa masika. Wanaochota ukingoni hukosa, kwa sababu pale hukauka mapema. Weka kivulini. Tope lililoanikwa juu ya bati mayai yake hufa kwa joto. Subiri Desemba, litandaze kwenye beseni pana, mimina maji ya mvua kina cha sentimita 8 hadi 10. Maji ya bomba yalaze wazi siku nzima kwanza, dawa iliyomo itoke. Usitumie maji ya dimbwi jingine, yanaweza kuwa na wadudu wawindaji, kama watoto wa kereng'ende, watakaowala wote usiku mmoja.

Chungulia kwa tochi kesho yake na keshokutwa. Tope hilo hilo hutoa pia vidudu jamii ya kamba wanaoogelea chali, miguu juu. Hao si samaki. Kitoto cha samaki kina macho mawili makubwa na hushtuka ukigusa beseni. Wanaoburuza tumbo chini bila kuinuka kwa kawaida hawaponi. Usipoona kitu, mwaga maji, kausha tope mpaka libaki na unyevu kidogo, rudia baada ya wiki kadhaa.

Bwana_Lambo
Kuhusu perege: msiwaweke. Watawala watoto wa hawa, na wao wenyewe hawatafika popote. Perege anahitaji kama miezi 6 ya kulishwa vizuri ili afike gramu 200 hivi, na miezi ya mwisho dimbwi ni la moto na hewa haitoshi. Vijana wachimbe bwawa lao, mita 10 kwa 15, kina mita 1, vifaranga 2 au 3 kwa mita ya mraba. Liwe chini ya dimbwi kwa mteremko, mafuriko yasije yakawaingiza.

Wala msilichimbe dimbwi likawa lambo la maji ya mwaka mzima. Maji yasiyokauka yanawakaribisha kambare, na mayai ya hawa yanahitaji kukauka.

Halafu kuna mikorosho. Upuliziaji wa dawa ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, huanza maji yakiwa bado yapo. Msioshee mashine hapo, wala msitumbukize ndoo yenye mabaki ya dawa.

Jirani_wa_Mbwemkuru
Nashukuru sana. Pezi la mgongoni kweli liko nyuma. Majike wana madoa meusi ubavuni, hiyo inasaidia?

Pezi_la_Nyuma
Sana. Majike wa aina nyingi hawana alama. Madoa meusi yanaelekeza kwa N. melanospilus, aliyeenea ukanda wetu wa pwani. Lakini dimbwi moja linaweza kuwa na aina mbili au tatu, kwa hiyo shika kadhaa. Watu wawili watande kwa kanga kuukuu, taratibu, msivuruge tope. Mtie mmoja mmoja kwenye chombo cha kioo chembamba, karatasi nyeupe nyuma, rula pembeni, piga picha upesi kabla rangi haijafifia kwa hofu. Akifa, mhifadhi kwenye spiriti, siyo fomalini, maana fomalini huharibu vinasaba. Weka hapa picha za dume na jike, ubavu wa kushoto.