Kijana wangu na albamu ya Linkin Park: nimwache au nimzuie?

MamaKidato
Wakuu, heshima kwenu. Kijana wangu yuko kidato cha tatu. Likizo hii anashinda na hedifoni masikioni, anarudia Hybrid Theory, albamu ya Linkin Park, bendi ya roki ya Marekani, asubuhi hadi usiku. Nikatafuta mashairi yake: kuumia, kuchoka, kusalitiwa, basi. Kisha nikasoma kwamba mwimbaji wao, Chester Bennington, alijiua mwaka 2017. Baba yake anataka kumnyang'anya simu. Mimi nasita, maana mtoto anakula na anacheka kama kawaida. Nifanyeje?

MzeeWaKanda
Dada, hiyo ilitoka Oktoba 2000, na mwaka uliofuata ikaongoza kwa mauzo Marekani. Sisi tuliipata kwa kanda za kurekodiana, sauti kama mtu anakaanga samaki, na bado tuliikariri. Wazazi wengi hawajui kwamba nyimbo zote 12 hazina tusi hata moja. Kwenye nu-metali, yaani roki nzito iliyochanganywa na rap, ya wakati ule hilo lilikuwa nadra, maana kina Korn na Limp Bizkit hawakuwa na breki mdomoni. Mike Shinoda anachana kwa utulivu, Chester anaingia anapasua koo. Kampuni ya kurekodi ilitaka kumsukuma Shinoda pembeni, Chester akagoma. Bora alivyogoma!

Kibisho
Msiipambe sana enzi ile. Tamasha la muziki la Woodstock 1999 kule Rome, New York, walikopiga hao hao kina Korn na Limp Bizkit, iliishia kwa mioto na wanawake kudhalilishwa. Vijana wa suruali pana, wana hasira na kila mtu, ukiwauliza wamekosewa nini hawana jibu. Hata hiyo albamu yenu imekatwa kwa kipimo kimoja: ubeti wa chini chini, kiitikio cha kupiga kelele.

MzeeWaKanda
La kipimo kimoja nakubali. Ila Linkin Park hawakuwepo Woodstock, usiwabebeshe msalaba wa wenzao.

MwanaSingeli
Wangu anapiga singeli saa nane usiku. Tubadilishane.

Mnasihi_Moro
Turudi kwa mama. Bennington alisema wazi kwamba alidhalilishwa utotoni na akapambana na dawa za kulevya. Wimbo "Crawling" wa albamu hiyo umetoka huko. Kijana anayesikiliza hayo si lazima ana tatizo, pengine amepata wa kumsemea. Simu mwachieni, mkimnyang'anya atajifunza kuwaficha tu. Kaa naye, mwombe akuchezee wimbo anaoupenda kuliko yote, umuulize kwa nini huo. Lakini ukiona hapati usingizi, kajitenga na rafiki zake, anagawa vitu vyake au anataja kufa, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujidhuru, na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

MamaKidato
Mrejesho, wakuu. Nimekaa naye. Wimbo wake hauna mwimbaji kabisa! Ni "Cure for the Itch", ule ambao Joe Hahn, DJ wa bendi, anakwangua santuri. Mashairi niliyokesha nayo wala hana habari nayo, anachotaka ni kujua midundo inatengenezwaje. Sasa baba yake, yule yule wa kunyang'anya simu, anauliza mashine ya DJ ni bei gani.

MzeeWaKanda
Mwambie shemeji asinunue kitu kwanza. Kuna programu za bure za kutengeneza midundo, aanze na kompyuta yoyote mliyonayo. Hedifoni anazo tayari. Mashine mtaizungumza akishamaliza mdundo mmoja mzima, na baada ya matokeo ya kidato cha nne.