Nimepigwa shoti na taa ya tangi la samaki. Wauza taa za LED, hizo namba za kwenye boksi mnazitoa wapi?

Wakuu, heshima mbele. Naandika nikiwa na hasira, mkiona nimeruka mahali mnisamehe. Jina la duka silitaji, sitaki kesi, ila mtaa ni Kariakoo na mwenyewe akisoma hapa atajijua.

Ni hivi. Nina tangi dogo la samaki sebuleni, sentimita 60 kwa 30 kwa 36, kama lita 65 ukilijaza hadi ukingoni. Lilitengenezwa na fundi vioo wa mtaani kwetu kwa vioo vya milimita 6, halijawahi kuvuja hata tone, na huyo namwombea maisha marefu. Ndani kuna gapi (visamaki vya urembo), konokono waliokuja bila kualikwa, mimea miwili ya Anubias niliyoifunga kwenye gogo, na Vallisneria, yale majani marefu membamba utadhani ya vitunguu. Taa iliyo tayari ya tangi la ukubwa huo niliambiwa laki 1 na 80. Nikajisemea, fizikia nimesoma mpaka kidato cha nne, pasi ya solda ninayo, LED ni kitu gani bwana. Natengeneza mwenyewe.

Dukani nikakuta kijana mchangamfu. "Bosi, chukua hii ya mkanda, 5050, wati 14.4 kwa mita, IP65, hata uizamishe majini inawaka." Mita 5 kwa 25,000. Akaniongezea adapta ya volti 12, ampea 5, kwa 12,000. Kwenye boksi namba zimechapwa kwa wino wa dhahabu, zinang'aa kuliko taa yenyewe.

Nyumbani nikakata vipande 8 vya sentimita 55, nikavibandika ndani ya kipande cha mfereji wa mvua wa plastiki, nikaunganisha. Jumla mita 4.4. Kwa namba za boksi hiyo ni wati 63, inataka ampea 5 na kitu. Nikawasha. Mama watoto akapita, akaangalia, akauliza kama umeme umepungua.

Nikajipa moyo kwamba macho hayapimi mwanga. Baada ya wiki mbili Vallisneria ikaanza kuyeyuka. Namaanisha kuyeyuka: jani linalainika, linakuwa kama plastiki iliyoguswa na moto, ukiligusa linabaki mkononi. Anubias hazikujali, ile mimea kwao ni misitu ya Afrika Magharibi na Kati, kivuli wamezaliwa nacho. Nikamuuliza jamaa anayeuza samaki, akasema mwanga hautoshi, acha taa iwake saa 14 kwa siku. Mimi nikamsikiliza. Siku kumi baadaye maji yakawa kijani, samaki siwaoni, wanajitokeza mara moja moja wakija kugusa kioo halafu wanapotea kwenye mrenda. Mwanga hafifu ukiurefusha hauwi mkali. Majani yangu yaliendelea kufa njaa, na ule mwani mdogo usioonekana kwa macho ukapata karamu ya saa 14 kila siku. Sasa hivi nawasha saa 7 tu kwa siku, kwa taima, na maji yameanza kusafika. Lakini hilo nilijifunza kwa kuoza.

Halafu mkanda wenyewe ukaanza kuzima vipande vipande. Nikaufungua. Hiyo "IP65, hata uizamishe" ni ule ute wa silikoni waliomwagia kwa juu tu. IP65 maana yake inastahimili vumbi na maji ya kurushiwa, kuzamisha haimo kabisa. IP67 ndiyo huzamishwa hadi mita 1 kwa nusu saa. Na ukishaukata mkanda, mdomo uko wazi, namba yoyote iliyokuwepo imekufa hapohapo. Muuzaji wa taa, kazi yake ya kila siku ni hiyo, hajui hilo?

Hapa niseme ukweli, kuna moja ni la kwangu. Ile midomo niliiziba kwa silikoni ya fundi vioo, ile inayonuka siki. Harufu ile ni asidi inayotoka wakati inakauka, na asidi na shaba haviishi nyumba moja. Nilipoikwangua nikakuta viunganisho vyote vina unga wa kijani. Kwenye nyaya ilitakiwa ile isiyonuka. Hilo silimlaumu mtu.

Ila wati namlaumu. Nilimpelekea fundi redio mmoja wa mtaani, mzee kabisa, ana kibanda chenye televisheni za mgongo mpaka juu darini. Akaweka mita yake katikati ya waya, vipande vyote 8 vikiwa vinawaka tena. Ampea 1.6. Piga mara 12: wati 19. Kwenye boksi 63! Mzee akaishika adapta, akaipima kwa mkono kama mtu anayepima embe sokoni, akacheka. "Kijana wangu, ampea 5 haiwezi kuwa nyepesi kama kiberiti." Akanieleza kwamba huo mkanda ungekuwa unakula kweli ampea 5, ile adapta ingeshaungua na pengine kuunguza na pazia. Yaani wakuu, uongo wa boksi la kwanza ndio ulioniokoa na uongo wa boksi la pili.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikarudi dukani kudai. Kijana hakukataa, akasema mkanda ni wa urembo wa dari (mbona siku ile hukusema?), kwa tangi nichukue zile LED za wati 3, punje moja moja, na draiva yake. Punje 10 kwa 15,000, draiva 10,000, kijiboksi cheupe cha plastiki cha kuzilisha umeme, kimeandikwa pato volti 24 mpaka 42, miliampea 600. Nikamuuliza, hii haina hatari juu ya maji? "Aah bosi, volti thelathini hiyo, hata mtoto anashika."

Hilo neno naomba mlikumbuke.

Mahesabu yalikuwa sawa. Punje 10 kwa mfululizo, kila moja volti 3.3 hivi, jumla 33, kwa miliampea 600 unapata wati 20 za kweli. LED nzuri hutoa lumeni (kipimo cha mwanga) kama 100 kwa wati, kwa hiyo lumeni 2,000 kwa lita 65, mimea ya kawaida inashukuru. Nikaenda kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu nikanunua kipande cha fremu kwa 3,000, maana punje hizi zinachemka na bila chuma cha kupozea zinakufa mapema. Nikafunga kwa skrubu, nikasolda, nikaweka juu ya tangi. Na hapa nakiri, iliwaka vizuri! Kwa mara ya kwanza niliona mkia wa gapi dume una rangi tatu. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa.

Siku ya tatu, Jumapili asubuhi, niko pekupeku kwenye sakafu ya simenti, natoa majani yaliyokufa. Mkono umelowa. Nikashika ile fremu niisogeze.

Mliowahi kupigwa mnajua. Mkono ulijikunja wenyewe mpaka begani, nikarudi nyuma nikagonga meza, kikombe chini. Nikadhani ni ile hita ya kupashia maji ya tangi. Nikachomoa hita. Nikaleta testa, nikagusisha kwenye fremu ya aluminiamu: taa ya testa ikawaka, nyekundu, safi kabisa. Fremu nzima ina umeme. Fremu ambayo binti yangu wa miaka 6 huisogeza kila asubuhi kabla ya shule, kwa sababu kulisha samaki ni kazi yake, na huifanya baada ya kunawa.

Nikachomoa kila kitu ukutani, nikabeba taa mpaka kwa yule mzee. Akaweka mita kati ya waya mbili za kutoka kwenye draiva: volti 33. Sawasawa na boksi, muuzaji hajadanganya. Kisha akaacha ncha moja kwenye waya uleule, ncha ya pili akaipeleka kwenye waya wa ardhi wa soketi yake. Mita ikapanda zaidi ya 200. Waya uleule, wakuu. Kati ya waya na mwenzake ni 33, kati ya waya na wewe uliyesimama pekupeku ni umeme wa ukutani.

Akaifungua. Ndani hakuna transfoma ya kutenganisha, kuna koili moja yenye miguu miwili, umeme wa ukutani unapita hapo unapunguzwa tu na kuendelea na safari. Akatoa draiva nyingine kuukuu kwenye droo kunionyesha tofauti: ile ina transfoma ndogo imezungushiwa utepe wa njano, miguu pande mbili, na chini ya bodi kuna mfereji mtupu usio na shaba unaogawa upande wa ukutani na upande wa taa. Volti 33 za namna hiyo ndizo mtoto anaweza kushika. Kwa nje boksi zinafanana kama mayai.

Na ndiyo, kwenye punje ya saba kulikuwa na tone la solda limegusa fremu. Tone hilo ni langu. Lakini ingekuwa draiva iliyotenganishwa, tone lile lisingefanya kitu, taa ingeendelea kuwaka na mimi ningesukuma fremu kwa amani. Ile ya koili moja si haramu, inafaa ndani ya taa iliyofungwa plastiki pande zote, juu ya dari, isipofikika. Kumuuzia mtu aliyekwambia kwa mdomo wake kwamba anaiweka juu ya maji, na ukamwapia mtoto anashika, hapo ndipo damu inanichemka.

Nikarudi mara ya tatu. Kijana hayupo, yupo mwenye duka. Akasikiliza huku anahesabu hela, akanionyesha kibao ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Risiti yangu ni kikaratasi cha daftari kimeandikwa "taa". Akaongeza, "Tatizo mnafanya ufundi bila kusomea." Mwenye duka, mimi nimeuliza! Niliuliza swali moja tu, la maana kuliko yote, na dukani kwako ndiko nilikojibiwa.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Naona mmeanza. Anayeuliza kwa nini nisifuge sato nile, ndugu yangu, kula sato wako kwa amani, hapa tunaongea umeme. Anayesema ningetumia zile taa za kumulika nje za "100W", hizo nazo nimezishika. Taa ya wati 100 za kweli ina mgongo wa aluminiamu wenye mapezi na inachosha mkono. Ile ya ukubwa wa kiganja yenye kibati chepesi nyuma, hizo wati 100 ingezipumulia wapi? Kabla ya kusoma boksi, ipime uzito.

NYONGEZA 2: Wengi mnauliza sasa hivi natumia nini. Fremu ileile, punje zilezile (kwa punje sina ugomvi, nzima kabisa), chini ya kila punje nimeweka karatasi ya kuhami inayopitisha joto, na draiva iliyotenganishwa niliyouziwa na yule mzee baada ya kuifungua mbele yangu na kuipima kwa waya wa ardhi. Waya wa kijani na njano, yaani wa ardhi, nimeufunga kwenye fremu kwa skrubu, na ekstensheni ya pini mbili, isiyo na ardhi, nimeitupa. Waya wa taa nimeuacha ulegee uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, maji yakitambaa yadondoke sakafuni yasiingie ukutani. Nyumba ni ya kupanga, haina ile breka inayokata umeme ukivuja, nimemwambia mwenye nyumba, kasema tutaongea mwisho wa mwezi.

Mwenye kijiboksi cheupe kama changu juu ya maji yake, achomoe ukutani kwanza kabla ya kushika chochote, ampelekee fundi mwenye mita. Testa peke yake ikikaa kimya usiiamini.

Gapi wako 11. Duka bado linadaiwa 62,000, na Jumamosi narudi, safari hii na mita.