Ushauri tafadhali: tubu na choki za tangi la samaki (Lamu)

Mja_wa_Mkomani
Assalaam alaykum wana jukwaa. Niko Lamu, Mkomani. Nina tangi la kioo, urefu futi nne, upana na kimo futi moja na nusu. Nataka kulifungia taa za tubu. Naambiwa kuna nene za T8 za wati 36 na nyembamba za T5 za wati 54, kisha kuna choki ya chuma na balasti ya elektroniki. Nishike ipi? Naomba majibu mapema. Wiki ya pili sasa silali, naamka usiku kwenda kuliangalia.

Fundi_Malindi
Wa alaykumu salaam. Tubu ukiiachia stima bila kizuizi inavuta mkondo mpaka inaungua. Choki kazi yake ni kuuzuia huo mkondo, ndiyo maana kila tubu na choki yake. Ya chuma inataka stata (kidude cha kuiwashia tubu), inanguruma, na kwa stima yetu ya hezi 50 taa inapepesa mara 100 kwa sekunde. Ya elektroniki inaendesha tubu kwa zaidi ya hezi 20,000, macho hayaoni kitu. T5 ya wati 54 imetengenezewa elektroniki. Lakini ndugu yangu, mna nini humo ndani? Hilo ndilo litakalochagua taa.

MamaHalua
Mmenikumbusha nyumba ya bibi, Mungu amrehemu. Birika la msalani lilikuwa na visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Chini kwenye sakafu ya birika palijengewa bakuli la kaure, maji yakipungua visamaki vinabaki na pa kukaa. Sisi watoto tukitumwa kuteka maji tulikuwa tunachota polepole tusivipandishe kwenye kata. Taa ilikuwa ile ya dirishani tu, na vilizaana miaka.

Nuru_Mpya
Tubu achana nazo. Zina zebaki ndani, na chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kupunguza zebaki, mwisho wa kuzitengeneza na kuziuza nje ya nchi ni 2027. Baada ya hapo utazitafuta na tochi. Chukua LED.

Mja_wa_Mkomani
Shukran nyote. LED sitaki, tubu nshanunua. Ndani ni samaki wa kawaida tu.

Fundi_Malindi
Wa kawaida ni nani? Maji ya kisima au ya bahari? Usiponijibu hili siwezi kukusaidia.

Mja_wa_Mkomani
Ya bahari. Kuna anemoni moja (mnyama wa bahari mwenye umbo kama ua), vipande viwili vya matumbawe hai, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wale wanaolala ndani ya anemoni. Mjomba wangu mvuvi ndiye aliyeniletea. Sikusema mapema kwa sababu nilijua mtanishukia.
Tubu ni T5 nne: mbili nyeupe za kelvini 10,000 (kipimo cha rangi ya mwanga), mbili za buluu. Choki ninazo nne za wati 36, nilipewa bure pale ofisi moja ilipokuwa ikikarabatiwa. Fundi wa hapa mtaani amesema zitafaa na nshamlipa nusu. Jana usiku tulijaribu moja, ikawaka. Kwa hiyo swali langu ni dogo: niendelee nazo mpaka nipate pesa?

Nahodha_Mstaafu
Mwanangu, mimi sijui choki, ila matumbawe nayajua. Yale ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Kipande cha kujaa mkono mmeking'oa dakika moja, mahali pake hutapaona pamejaa ukiwa kijana. Kiunga kuna hifadhi ya bahari tangu 1979, na humo hakuna cha kuniletea mjomba. Nje ya hifadhi pia uliza kibali. Nimewaona vijana wakivunja mwamba kwa mtaimbo kufuata pweza mmoja, na mwaka uliofuata hapo hapana pweza wala changu.

Bin_Shela
Uzi huu una walakini. Pini za T8 zimeachana milimita 13, za T5 milimita 5. T8 ya futi nne ina milimita 1,200, T5 ya wati 54 ina 1,149. Kwenye fremu ya taa za ofisi haiingii hata kwa dua. "Ikawaka" vipi? Na tangi la vipimo hivyo ni lita 250, robo tani ya maji. Lamu hii isiyo na gari, punda gani alilibeba kioo hilo likafika zima? Weka picha.

MamaHalua
Bin Shela, punda wa Lamu wamebeba makubwa kuliko hayo. Mwache kijana aseme.

Mja_wa_Mkomani
Wallahi si uongo. Kioo kilikuja vipande vitano kwa mashua kutoka Mokowe, nimekigandisha hapa kwa silikoni. Liko chini, si ghorofani, boriti zisingelibeba. Limekaa juu ya matofali karibu na kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba.
Ya tubu ni hivi. Fremu hatukuitumia. Fundi aliondoa holda (vishikio vya tubu), akazungusha waya kwenye pini, akazifunga kwa tepu nyeusi, akailaza juu ya mbao mbili zilizopita juu ya maji. Ilipepesa kidogo ikatulia. Leo asubuhi ncha zote mbili ni nyeusi, kama zimepakwa masizi. Picha naogopa kuweka, nyumba itajulikana.

Fundi_Malindi
CHOMOA SASA HIVI. Usiguse maji kabla hujachomoa.
Bin Shela, hapo nadhani anasema kweli. Mkondo wa choki ya 36 hauko mbali na ule wa T5 hiyo, kwa hiyo inaweza kuwaka. Ncha nyeusi ni nyuzi za ndani ya tubu zinaliwa. Lakini tubu ndiyo hasara ndogo. Maji ya chumvi yanapitisha stima vizuri mno, na mvuke wake ukiingia kwenye ile tepu siku moja utatia mkono kumlisha samaki usiutoe.
Tafuta balasti mbili za elektroniki, kila moja ya kuendesha 2 x 54. Zifunge ukutani mbali na mvuke. Holda ziwe zile zenye mpira wa kuziba. Waya ya arthi lazima, na swichi inayokata stima ikivuja miliampu 30. Waya iteremke chini ya soketi kwanza ndiyo ipande, tone la maji likidondokea chini. Baada ya mwaka badilisha tubu hata kama zinawaka, matumbawe yanajua nguvu imepungua kabla yako.

Bin_Shela
Mimi bado nataka picha. Lakini chomoa.

Mja_wa_Mkomani
Nimechomoa. Balasti nimeagiza Mombasa, nimeambiwa Alhamisi. Choki nazirudisha. Fundi wa mtaani amekasirika. Anemoni imejikunja tangu asubuhi, ndogo kama ngumi ya mtoto, na samaki wanazunguka juu yake hawaingii.

Nahodha_Mstaafu
Mjomba wako anapajua alipoitoa. Ikifika Alhamisi haijafunguka, mwambie airudishe pale pale, maji yakiwa yamekupwa.

Mja_wa_Mkomani
Na samaki pia, ami?

Nahodha_Mstaafu
Na samaki. Bila hiyo watalala wapi?

Mja_wa_Mkomani
Ngoja kwanza Alhamisi ifike.